Pikapu Iliyomgomea Sajini

Juzi nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Kawempe, nachambua mchicha, nikasikia gari la kijana wa jirani likikoroma. Krrr, krrr, krrr, halafu kimya. Krrr tena. Nikamwuliza kwa sauti, "Limetoka safari hilo, au limelala hapo tangu usiku?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mbinguni. "Limetoka safari sasa hivi, Jjajja," akasema, ndivyo Waganda wanavyomwita bibi. Nikamwambia basi aache kulisumbua, afungue boneti liote upepo. Akacheka, akachukua simu akampigia fundi. Mimi nikarudia mchicha wangu, lakini mikono ilikuwa imeshasimama, rafiki yangu. Mlio ule ulikuwa umenichukua mbali.

Bibi yangu alikuwa na pikapu. Narudia, maana watu huwa wanadhani wamesikia vibaya. Bibi, mama yake mama, mwanamke wa Kinubi mwenye kipini puani na kanga mbili mwilini, alikuwa na pikapu na aliiendesha mwenyewe, enzi za utawala wa wanajeshi, wakati wanaume wengi walikuwa wanaogopa hata kupanda baiskeli nzuri isije ikatamaniwa. Ilinunuliwa na babu, aliyekuwa dereva jeshini zamani za Mwingereza. Ilikuwa ya kijani, baadaye ikawa rangi yoyote ile. Babu alipokufa watu walikuja kuuliza itauzwa lini. Bibi akawapa chai ya tangawizi, isiyo na sukari kwa sababu sukari ilikuwa haionekani, akawaambia wakimaliza vikombe waviweke kwenye karai.

Kila asubuhi alikwenda vijiji vya njia ya Bombo kuchukua matoke na makaa, akaleta soko la Kamwokya. Sisi wajukuu tulikula kutoka katika pikapu ile. Ikilala, tunalala na njaa. Shule niliachia darasa la tatu, sitakudanganya, na sehemu kubwa ya elimu yangu niliipatia kwenye kiti chake cha mbele, kilichonuka makaa na ndizi mbivu, springi zikinichoma mapaja.

Sasa nikueleze ugonjwa wake, maana bila ugonjwa huo hakuna hadithi. Asubuhi, ikiwa baridi, Bibi alivuta choki yote, ile ya kuiongezea injini petroli, akapiga stata, ikawaka. Lakini ikishatembea ikapata joto, ole wako uizime. Haiwaki. Bibi alibadilisha plagi, haikusaidia. Akafungua kabureta akaisafisha kwa unyoya wa kuku, bado. Akapuliza bomba la petroli kwa mdomo, akatema, akasema maneno ya Kinubi ambayo sikuruhusiwa kuyarudia. Mpaka siku moja akaweka kiganja juu ya pampu ya petroli akakiondoa haraka. Ilikuwa inaunguza kama sufuria. Bomba lilipita karibu na ekzosi, petroli ikawa inachemka humo ndani kama chai, badala ya kwenda kwenye injini inageuka mvuke. Na gari la namna hiyo ukilivutia choki, unalizamisha kabisa. Plagi zinalowa, harufu ya petroli inakujaa puani, hapo umekwisha.

Spea zilikuwa hazipatikani. Maduka yaliyouza vitu hivyo yalikuwa yamefungwa, au yamepewa watu wasiojua pampu ni nini. Basi Bibi akatumia kilichokuwepo. Gogo la mgomba, unalijua? Lile shina bichi, ukilikata ndani limejaa maji kama sponji. Tulikata kipande, tukakipasua, tukaifunika pampu na bomba lake, tukafunga kwa kamba za mgomba. Pikapu ikatembea siku nzima haina homa. Kazi ya kukata kipande kibichi kila asubuhi ilikuwa yangu. Hadi leo nikipita mgombani napiga shina kwa ngumi nisikie kama lina maji ya kutosha. Wajukuu wangu wanaona haya.

Siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba na panga, ndani Bibi anapika gurusa, ule mkate wetu mwembamba, unanukia mpaka barabarani. Pengine ndio uliowaleta. Niliporudi nikakuta wanajeshi wawili uani, sajini mmoja mnene na kijana mwembamba mwenye bunduki iliyomzidi urefu. Walikuwa wanakula gurusa zetu.

"Mama, hii gari serikali inaitaka," sajini akasema, mdomo umejaa.

"Inaitaka mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka itoshe."

Kiswahili siku zile, ngoja niseme ukweli, kilikuwa kinaogopesha. Majirani zetu Waganda wakikisikia nje walikuwa wanafunga milango, kwa sababu kilikuja na buti. Sisi kilikuwa cha nyumbani, tulichekea na kulilia humo humo. Na ukweli mwingine nisiufiche, baadhi ya watu wa kabila letu walikuwa wamevaa magwanda hayo hayo. Sajini alidhani Bibi atafurahi kunyang'anywa na mtu wanayesikilizana naye. Bibi akampa ufunguo. Ungefanya nini? Akavuta choki, ikawaka mara moja, wakaondoka kuelekea mjini. Nami nimesimama na gogo langu mkononi linachuruzika maji.

Nililia. Bibi akafunika sigiri, akajifunga kanga ya pili kiunoni. "Lile gogo la jana limekauka," akasema. "Atasimama tu mahali. Mtu mwenye tumbo lile hawezi kupita chakula. Beba hilo, twende."

Tukafuata kwa miguu, mimi gogo kichwani, maji yananiingia shingoni, Bibi mbele na galoni tupu kama mtu anayetafuta mafuta ya taa. Mwanamume asingeweza kwenda, angekamatwa akapotea. Mwanamke mzee na msichana mwenye gogo la kulishia ng'ombe kichwani, nani atawatazama? Tulitembea jua likapanda. Nilikuwa nasali pikapu itokee, nasali isitokee.

Tukaikuta Kamwokya, kwenye mteremko, mbele ya mwanamke aliyekuwa akichoma gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Alikuwa mteja wetu wa makaa. Bibi alikuwa amebashiri sawasawa: sajini alisimama kula, akazima injini. Sasa boneti iko wazi, sajini yuko kwenye usukani, jasho linamtoka mpaka kwenye mkanda. Krrr, krrr. Watu wamesimama mbali wanajifanya wanaangalia mambo mengine.

Alipomwona Bibi akaruka nje. "Wewe mama! Hii gari yako iko na shetani?"

"Haina, mwanangu. Iko na uzee, kama mimi."

"Asubuhi imewaka mzuri! Wewe umeifanyia nini?"

"Nilikuwa napika gurusa ulizokula, mikono yangu hukuiona?"

Watu wakaguna kwa kicheko, wakakimeza haraka. Sajini akasogea akamwelekezea kidole puani. "Isipowaka, naichoma moto hapa hapa. Na wewe ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya kitoto, tulivyokuwa tumebanwa. Akionyeshwa dawa, gari limekwenda. Asipoonyeshwa, atalichoma. Na akikaa tu kivulini ale gonja nyingine, litapoa lenyewe, litamwakia, atakwenda nalo. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwa, upepo baridi unaanza. Bibi naye aliliona. Kitu kingine kuhusu Bibi: alikuwa hasemi uongo. Si kwa mchezo, si kwa mtoto, si kwa muuza samaki. Nikamtazama nione atafanyaje.

"Mimi asubuhi," akasema polepole, kama mwalimu wa chuo, "navuta choki yote. Yote kabisa. Halafu napiga, inawaka. Mungu ni shahidi yangu."

Na ilikuwa kweli tupu! Kila neno. Sajini akarudi ndani, akavuta choki mpaka mwisho, akapiga. Krrr. Akapiga. Harufu ya petroli ikatandaa, mwanamke wa gonja akasogeza sigiri yake mbali. Akapiga mpaka mlio ukawa krr, kisha kr, kisha tak, betri ikafa.

"Hendeli iko wapi?"

"Nyuma ya kiti, mwanangu. Marehemu mume wangu aliitumia."

Kweli tena. Kijana mwembamba akaichomeka mbele akazungusha, sajini akamsukuma kando, "Wewe umekula nini, uji?" akashika mwenyewe. Hendeli ikamrudi, ikampiga kiganja, ukasikia mlio wake. Akapiga teke taa ya mbele, akashika mkono kwapani, akazunguka kama kuku aliyekatwa. Hakuna aliyecheka. Nakuambia, kutocheka siku ile ilikuwa kazi kubwa kuliko kusukuma gari.

Halafu akaniona mimi. "Wewe mtoto. Hiyo kichwani ni ya nini?"

Nilijua nikisema ya pampu tumekwisha, nikisema ya ng'ombe Bibi atasikia nimesema uongo. Nikasema, "Ya Bibi, afande."

Akanitazama. Kijana mwembamba naye akanitazama, halafu akaitazama pampu, halafu akanitazama tena, muda mrefu. Labda kwao walikuwa na gari. Labda sikuelewa macho yake. Alifunga boneti akasema, "Afande, hii imekufa. Tutafute lori na kamba."

Lori likapita, wakalisimamisha, lakini halikuwa na kamba. Kijana akapanda, sajini naye akapanda amekunja mkono, akapiga kelele kutoka juu, "Nikirudi niikute hapa! Na wewe nikukute hapa!" Bibi akamwambia, "Safari njema, mwanangu." Hata hiyo nadhani aliimaanisha. Aende mbali.

Lori lilipokata kona, Bibi aligeuka mwingine. Kanga mabegani, mikono ndani ya injini. Akafungua plagi, zimelowa chepechepe. Mwanamke wa gonja akasogeza ndizi zake kando akasema, "Lete, Jjajja, bambi," yaani tafadhali, akazipanga juu ya waya wa sigiri, ambayo makaa yake tulimpelekea sisi wenyewe, akazigeuza kwa koleo kama gonja mpaka zikakauka. Mimi nikapasua gogo, nikalibana juu ya pampu, nikamwagia maji ya galoni aliyojaza mtu ambaye sikumwona uso. Pampu ikasema shhh. Nikaweka kiganja. Nikangoja. Nikaweka tena. "Bibi, imepoa."

Akapanda. Hakuomba mtu. Lakini wale waliokuwa wanaangalia mambo mengine walikuja, fundi cherehani, wachukuzi wa soko, mama mwenye mtoto mgongoni, watu ambao mwezi mzima walikuwa hawaitikii salamu yetu ya Kiswahili, wakaweka mabega. "Moja, mbili, sukuma!" kwa Kiswahili, sikia hiyo! Ikaanza kuteremka, Bibi akaachia klachi, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Niliikimbilia nikadaka mkono wa Bibi akanivuta ndani. Mvua ilianza tukiwa tumeshapita.

Hatukurudi nyumbani, maana sajini alipajua. Bibi alipitia njia za ndani, tukawachukua wadogo zangu waliobaki kwa jirani, tukaenda kijijini kwa mzee aliyetuuzia matoke. Tukaiingiza pikapu katikati ya shamba la migomba, tukaivua magurudumu, kuku wakataga kwenye kiti cha mbele. Tulikaa msimu mzima, kisha tukarudi nyumbani. Tuliambiwa baadaye kwamba sajini alirudi na kamba, akamwuliza mwanamke wa gonja gari liko wapi, naye akamjibu, "Liliwaka, afande, likaenda." Alipigwa kofi. Nilipomwona tena aliniambia kofi lenyewe lilikuwa la mkono wa kushoto, halina nguvu. Sajini yule hatukusikia habari zake tena. Enzi zile walipotea hata wenye bunduki.

Utawala ule ulipoanguka, wengi wa kwetu walikimbilia kaskazini, na wengine hawakufika. Watu wenye hasira walikuja hadi uani petu. Mwanamke wa gonja na fundi cherehani walikuwa wamekuja kabla yao, wamekaa mlangoni kwenye mkeka, wanakunywa chai yetu. Wakasema huyu ni wa kwetu. Basi, tukabaki.

Pikapu ilifanya kazi miaka mingine, mpaka chesi, uti wa mgongo wake, ikakatika, ikafa ikiwa yetu. Bibi alifuata. Kamwokya wamejenga ghorofa pale, mteremko wenyewe wameuchonga ukalala. Sigiri iliyokausha plagi, fundi cherehani, wale wachukuzi, sijui hata mmoja aliyebaki. Wapo wanaosema siku zile sote tuliogopa tukainamisha vichwa. Ni kweli tuliogopa. Nilikaa karibu na Bibi njia nzima ya kwenda kijijini, na magoti yake yalitetemeka juu ya klachi mpaka tulipofika. Lakini sajini aliitaka ile gari, akaikosa. Mimi nilikuwepo.