Tangi la Samaki kwenye Sakafu ya Babu

Enzi zetu, kabla sauti yangu haijawa kama ya jogoo mwenye mafua, nyumba zilikuwa zinaongea. Nina miaka kumi na saba na bado navaa sare ya shule, lakini enzi ninayo. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, kaeni kimya kidogo.

Nakumbuka nyumba ya Bibi kule Isingiro. Babu alikuwa seremala. Aliijenga mtelemkoni, akaweka sakafu ya mbao juu ya nguzo, na chini kukabaki uvungu ambao mtoto angeweza kupita kwa tumbo. Ulinuka vumbi, kuku na kahawa kavu. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Nilikuwa nikilala humo chali, nagonga mbao mara tatu, halafu namsikiliza mdogo wangu Koku akikimbia huku analia kwamba Babu amerudi. Babu tulimzika mwaka uliotangulia. Najua, nilistahili fimbo. Nilizipata.

Ndipo Baba akaleta tangi la samaki kutoka Murongo, la kioo, refu kama jeneza. Tuliliweka sebuleni, upande wa jikoni, tukalijaza ndoo kwa ndoo, tangu asubuhi mpaka ndizi za mchana zikapoa jikoni, kisha wakatiwa sato wadogo wa bwawani. Majirani wakaja kutazama. Bibi hawezi kupokea mgeni kwenye sakafu tupu, kwa hiyo akatandika nyasi mbichi sebule nzima kama siku ya Krismasi. Ilinukia vizuri, na hakuna aliyeuona tena ubao hata mmoja.

Siku ya tatu samaki wote walihamia kona moja, vichwa chini, kama waumini wanaosali. Maji nayo yalisimama upande: huku yamegusa ukingo, kule yamepungua kidole kizima. Koku alikuwa amelala kando ya tangi, sikio kwenye nyasi. Akasema kuna mtu anapumua huko chini. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda uvunguni kumsaidia huyo mtu kupumua.

Ulikuwa mchana mweupe, kuku wamesinzia kivulini. Nikagonga mara tatu. Koku hakukimbia. Halafu, karibu kabisa na sikio langu, nikajibiwa. Ko. Ko. Ko. Polepole, kama mtu anayejifunza kuniiga. Vumbi likanimwagikia usoni, likafuatwa na tone la maji baridi. Nikageuza kichwa. Nguzo iliyokuwa mbele yangu ilikuwa fupi kuliko jana.

Nilitoka huko kinyumenyume, magoti yamechubuka. Baba alikuwa uani anachambua kahawa. Nikamwambia sakafu inazama na Koku yuko pale pale. Hakuinua hata macho.

“Leo Babu anataka nini?” akauliza.

Niliapa kwa kila kitu nilichokijua. Akaendelea kuchambua. Nikamkimbilia Bibi jikoni.

“Bibi, sidanganyi. Nguzo inaingia ardhini.”

“Ipi?”

“Ya upande huu wa jikoni.”

Kisu kikasimama katikati ya ndizi. Pale, akasema, kabla ya nyumba palikuwa na shimo lake na Babu la kuivishia ndizi za pombe. Babu alilifukia kwa migomba na udongo, akajenga juu yake. Bibi akatoka mlangoni, akamwita Baba kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sijawahi kulisikia tena.

“Mtoe mtoto.”

Baba aliingia mbio, akapiga nyasi teke. Mbao zilikuwa zimeachana, na katikati palikuwa na giza. Alimvuta Koku kwa mguu. Sakafu ikatoa mlio mrefu, kioo kikapasuka, maji yote yakashuka kwa mkupuo mmoja kama yamemezwa. Tulipotazama uvunguni hatukukuta samaki hata mmoja. Watu wazima wakasema ni kuku. Kuku walikuwa bado wamesinzia.

Siku hizi sebule ya Bibi ina saruji na vigae. Nyasi zimepigwa marufuku, eti zinaleta wadudu. Wadogo zetu wanatishana kwa video, wakizidiwa wanazima. Mimi hukaa pale likizo, wote wameinamia simu, nyumba imetulia kama maiti. Enzi zetu nyumba hiyo ilikuwa na neno la kusema, na ilibidi ikaribie kuchukua mtu ndipo isikilizwe.