Taa ya Kisanduku cha Samuye

Haya aliyasimulia Mageni, mkulima wa Samuye, Jumanne iliyopita huku akipukuchua mahindi. Binti yake, Scolastika, alipopigiwa simu hakukanusha hata neno.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Scolastika amekaa kigodani nje ya jiko la mama yake, Mageni, kompyuta mapajani, mguu hautulii. Kando yake kisanduku kilichofukiwa nusu kinasikiliza ardhi.

Visanduku kama hiki viko mia moja na arobaini, kuanzia Maganzo hadi Chato, kila kimoja kwenye boma la mlinzi wake, Mageni akiwa mmoja wao. Mwaka wa tatu huu vinanasa mitetemo, ili watafiti wachore ramani ya ardhi inayoweza kufukia wachimbaji. Scolastika, miaka thelathini na moja, ndiye anayevitunza: hurekebisha programu inayoviendesha na kuvitumia toleo jipya kwa mtandao.

Programu ya zamani ina kasoro. Kesho jioni kumbukumbu za visanduku zitajaa, navyo vitanyamaza. Vikinyamaza, miaka mitatu imekwenda na maji. Mageni anajua uzito wa kazi hiyo: mdogo wake, Mayala, alifukiwa shimoni Geita.

Lakini Scolastika ana mwiko wake. Toleo jipya huanzia kwa mama.

"Mbegu ngeni haipandwi shamba zima," anasema.

Simu inaita. Ni Pantaleo, mkuu wake, yuko Geita mjini.

"Scola, unasubiri nini? Tuma kote!"

"Saa moja tu, bosi."

"Saa moja ulisema tangu jana!"

Anapogeuka, Mageni ameinama kwenye kisanduku, ameshika waya wa sola.

"Mayu, mama! Usichomoe!"

"Kimekufa hiki. Taa imezima. Si wewe uliyetufundisha? Taa ikizima, chomoa, hesabu kumi, chomeka."

Scolastika anajishika kichwa. Taa ameizima mwenyewe kwenye toleo jipya, ili kubana betri. Na kisanduku kikichomolewa kabla programu mpya haijakaa sawa, ndiyo kwaheri. Walinzi wote aliwafundisha vilevile, boma kwa boma.

"Umesoma kote huko, mwanangu, ukatusahau sisi?" Mageni anacheka mpaka anakaa chini.

Scolastika anairudisha taa, anajaribu tena, kisha anavitumia visanduku vingine, kumi kumi. Uji unapoa. Mtandao unakatika, unarudi. Jumamosi mchana Akida, mlinzi wa Maganzo, anapiga.

"Dada, changu kinawaka. Nikifanyeje?"

"Kiache, kaka. Hata kukipuliza vumbi, usikipulize!"

Saa tisa na nusu, kile cha Chato, cha mwisho, kinaitika.

Sasa Scolastika anataka kila toleo lipite kwanza kwa walinzi wanne, Mageni akiwa mmoja. "Wakilikataa, halitoki," anasema. Pantaleo hajajibu. "Atajibu tu. Namsumbua kila siku."

Jumamosi ile, jua halijazama, usingizi unamchukua Scolastika kwenye mkeka nje ya jiko. Mageni anamfunika kitenge. Anatoka kuitazama taa, anarudi, anatoka tena. Inawaka. Anajinyoosha kando ya binti yake, naye analala.