Siku Mkwe wa Bi Sindano Alipokalishwa Benchi

Kama hujawahi kuishi mtaa ambao hata soksi iliyoanikwa ina jamaa zake, utapata taabu kumwelewa Bi Sindano. Mama huyu alikuwa fundi wa nguo, mjane, ulimi wake mkali kuliko mkasi, na cherehani yake ilikaa barazani. Zamani ilikaa ndani. Hizo zilikuwa enzi za wezi: ukianika shuka asubuhi, jioni unakuta kamba tupu, na ukiacha simu dirishani umeigawa. Kila mtu akajifungia na kufuli lake, na wezi wakafurahi, maana mtaa uliojifungia hauna wa kuwaona.

Bi Sindano ndiye aliyechoka kwanza. Alitoa cherehani nje akasema anayetaka kumwibia jirani yake apite mbele ya macho yake. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye akageuza kiti kikatazama nje, na muuza mboga akasogeza meza yake. Taratibu wakajiwekea desturi: ukiona kitu kinatoka nyumba ya jirani, uliza kinakwenda wapi, na uulize kwa adabu. Asiye na jibu hapigwi. Hilo Bi Sindano alilikazia mno, kwa kuwa mkono wenye hasira hauchagui. Anakalishwa benchi, anapewa maji, anangoja mwenye mali. Adabu ya namna hiyo iliwashinda wezi, wakahamia kwingine.

Sasa, binti yake wa pekee hakuyajua hayo, au aliyajua akayapuuza. Yeye na mumewe walipanga upande wa pili wa mji, kwenye nyumba zenye ukuta mrefu, geti na mlinzi mwenye sare. Kila akipiga simu ni wimbo uleule: mama, mtaa huo una sifa mbaya, mama, usalama kwanza, mama, chumba chako kiko tayari. Bi Sindano alikataa mpaka akachoka kukataa. Mtoto akikubembeleza hivyo, mwishowe unajiona wewe ndiye mkaidi. Akakubali huku roho ikimuuma, na aibu ya kuaga ikamshinda. Hakumwambia mtu. Jamani, mwanamke aliyejua rangi ya kila shuka mtaani akataka kuondoka kimyakimya.

Wakaja asubuhi na pikapu ya kukodi, wakaiegesha kona kwa sababu njia ni nyembamba. Mama na binti wakaingia chumba cha nyuma kukunja nguo. Mkwe, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku jikoni, akaona aanze na kizito, akabeba cherehani. Mtaa ulimjua kwa picha ya harusi tu, kavaa suti na tai. Siku hiyo alikuwa na ovaroli, na kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Hakufika hata kwenye mtaro. Muuza mboga alikuwa mbele yake, anatabasamu, anamkaribisha, anamuuliza mzigo unakwenda wapi. Mkwe akasema ni wa mama mkwe. Kinyozi, aliyemwacha mteja amenyolewa upande mmoja, akamjibu kwamba hata wezi wana mama wakwe. Akaambiwa amtaje mwenyewe. Akamtaja kwa jina la kwenye vyeti, ambalo pale mtaani hakuna aliyewahi kulisikia, na hapo ndipo alipojimaliza. Benchi likaletwa, maji yakaletwa, akakaa katikati ya akina mama, cherehani miguuni, akiulizwa kwa upole ni wazazi gani waliomlea.

Bi Sindano alipotoka na rundo la nguo akamkuta mkwewe kizuizini, alicheka mpaka rundo likamponyoka. Akawaambia huyo ni mwanangu, mwachieni. Kisha kicheko kikamkauka, maana nguo zilikuwa chini mbele ya watu wote, zimekunjwa kisafari.

"Kwa hiyo unatuhama?" muuza mboga akauliza.

Bi Sindano akainama kuokota nguo moja moja.

Binti akatoka amefura. Akataka kujua ni ustaarabu gani huu, mume wa mtu kukamatwa mchana kweupe na mkewe yupo ndani. Lakini mumewe, bilauri mkononi, akaanza kucheka. "Mke wangu," akasema, "mwambie mama habari za friji."

Mke akageuza uso, basi mume akaisimulia mwenyewe. Wezi walikuja kwao mchana na gari. Mlinzi aliwafungulia geti na saluti juu. Jirani mmoja aliwashikia mlango. Mwingine aliwasihi tu wasikwaruze ukuta wa ngazi. Friji ikaenda, televisheni ikaenda, hata godoro. Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyemjua mwenzake. "Na hapa," akamalizia, "nimebeba cherehani moja tu, sijafika hata kwenye mtaro."

Mtaa uliangua kicheko, kinyozi akajishikilia ukutani. Bi Sindano peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?" Binti akaanza kulia. "Sikutaka kukulinda wewe, mama. Ninaogopa mimi. Tangu siku ile silali. Nilitaka uje ukae na mimi."

Ah, mzazi ni mzazi. Bi Sindano alimkumbatia palepale njiani, akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Akasema yeye hahami, wahamie wao, pikapu si ipo? Muuza mboga akakumbuka vyumba viwili vitupu nyuma ya duka la kinyozi, na kinyozi akasema watu wa mama huyu hawaulizi, wanaingia tu.

Akina mama wakairudisha cherehani barazani huku wakibishana ikae wapi. Mkwe akatumwa na pikapu akalete vyombo, na vijana wa kumsaidia. Binti akaambiwa apumzike kidogo kitandani kwa mama yake, mlango ukiwa wazi.

Mumewe aliporudi jioni alimkuta bado amelala fofofo, mdomo wazi, na nje watu wanapiga soga kama sokoni. Akatoka kuwaomba wapunguze sauti, mke wake hajalala hivi kwa muda mrefu.

Bi Sindano akamshika mkono. "Waache, mwanangu," akamwambia. "Kelele hizo ndizo zilizomlaza."