Makubadhi Rafuni

Mambo yote yale yalinigharimu sala ya msikitini na jozi moja ya makubadhi. Sala niliilipa papo hapo. Makubadhi bado sijalipwa.

Siku yangu ya kwanza kazini hata bustani ya michezo haikuwapo. Lilikuwapo ghala huko Rusayl, kwenye viwanda, na lile gurudumu kubwa mlilolipanda nyote utotoni limo ndani ya makasha, vipande vipande. Muhandisi alinituma nihesabu vibanda, yaani vile vijumba vya vioo wanamokaa abiria. Nikahesabu mara mbili: ishirini na tatu. Cha mwisho kimeandikwa ishirini na nne.

"Kimoja kimeibiwa," nikamwambia.

"Hakikuibiwa. Gurudumu hili lilikuwa la watu wengine, na wao wanaiogopa kumi na tatu."

"Basi mlipunguziwa bei?"

Kumbe hata hakuuliza. Muhandisi hodari, lakini sokoni angevuliwa kanzu.

Yeye ndiye aliyenifunza mzani. Gurudumu halijazwi kwa foleni; upande mmoja ukiwa mzito, mota inalemewa. Unapakia kibanda cha chini, unazungusha nusu duara, unapakia kinachokielekea. Kushusha vilevile, kwa kurukaruka. Mlikuwa mkinung'unika kuwa nnawapendelea waliokuja nyuma yenu. Sikumpendelea mtu, nilikuwa nnapima.

Tulipohamia bustanini, mudiri wa kwanza, yaani meneja wa bustani, alitandika mazulia vibandani. Watu wakaona zulia, wakavua viatu. Hilo likanifaa, maana siku za familia si adabu kuwakodolea macho wake za watu ukiwahesabu. Nikaweka rafu chini, penye ngazi, nikahesabu viatu: jozi zilizowekwa rafuni, jozi zilizochukuliwa.

Kila Magharibi tulishusha watu wote. Mudiri alikata umeme, akafunga sanduku la swichi, akatia ufunguo mfukoni, akenda kusali na kula kwake. Harudi mpaka baada ya Isha. Siku moja ya joto kali, muadhini keshaanza, nikaona rafuni pamebaki makubadhi mekundu ya kike.

"Mtu kasahau viatu," akasema mudiri.

"Mtu husahau mwavuli. Kwenye lami hii atembee peku?"

"Seif, vibanda vyote umevifungua?"

"Nnadhani."

"Unadhani, au umehesabu?"

"Viatu nimehesabu mara mbili."

Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Milango ya vibanda ilifungwa kwa nje, na viyoyozi vyake vilikula umeme huohuo. Ukikatwa, kioo kile ni tanuri.

"Sala inatupita," akasema.

"Nenda wewe. Niachie ufunguo."

Alinitazama kama alivyonitazama kila nilipoomba nyongeza ya mshahara. Kisha akaondoa mkono, akabaki.

Tulizungusha polepole, tukafungua kimoja kimoja, bila kuruka. Kumi na nane, hamna mtu. Cha kumi na tisa, bibi mmoja kajilaza benchini, buibui limemfunika mpaka miguuni, amelala kwenye ubaridi wa kiyoyozi.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, bibi."

Nikakaa kwenye ngazi. Mudiri akasema alhamdulillahi, akairudia, kisha akanishika bega, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada.

Bibi akajaribu makubadhi yake, hayakuingia. "Miguu imevimba kwa kuning'inia huko. Nipe yako, mwanangu. Ntakurejeshea."

"Niachie yako rehani, bibi."

"Rehani? Mtu umenisahau juu, leo mimi ndiye wa kuweka rehani?"

Akatia yake mkobani, akavaa yangu, akenda zake. Mudiri nami tukasali palepale chini ya gurudumu, mimi peku. Wawili watosha sala ya jamaa, kwa hiyo sala sikuikosa.

Tangu siku hiyo swichi haikuguswa mpaka mimi niseme rafu tupu. Mudiri wa pili aliyang'oa mazulia; viatu vikabaki miguuni, nikawa nafungua milango yote mmoja mmoja, naye akilalamika nachelewesha. Alalamike. Nimestaafu sijamwacha mtu juu, na hesabu hiyo nayo nimeirudia.

Basi, ikiwa kwenu yamo makubadhi ya kiume ya ngozi nyeusi, la kushoto limeshonwa kwa uzi wa kijani, na bibi yenu alikuwa mwepesi wa kulala popote, niletewe. Nipo Wadi Kabir, nyuma ya magereji. Kodi sidai. Ila yaje yote mawili, maana ntayahesabu.