Kitako cha Mninga na Koti la Baba

Sisi tuliokulia milimani Lushoto, enzi ambazo ukungu uliingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, tulijua mambo machache, lakini tuliyajua. Mimi shule sikufika mbali. Nilijua kuchoma mahindi yasiungue, kupiga debe kufukuza nyani, na kutazama bunduki nikajua inamkaa mwenyewe au haimkai. Hilo la mwisho wajukuu zangu hawaliamini. Wananiona hapa Guangzhou, Uchina, bibi wa kanga anayeshinda kwenye ofisi ya mizigo ya binti yangu pale jengo la Tianxiu, wanadhani nilizaliwa mzee.

Haya yameanza juzi. Mdogo wangu Hoza ndiye aliyebaki nyumbani na shamba, pamoja na bunduki ya marisau ya marehemu baba, na kibali anacho. Akatuma picha kwenye simu. Kitako, ile sehemu ya mbao inayokaa begani, kimepasuka shingoni. Fundi kamwambia hakiungiki, achongeshe kingine cha mbao au achukue cha plastiki kilicho tayari dukani. Na nguruwe pori wameshaonja mahindi yake.

"Dada, nashindwa," alisema. "Kile ni mkono wa baba."

Mjukuu wangu Zaina, anayewanunulia nguo wateja wa Dar kule soko la Liuhua, akadakia kwamba plastiki ndiyo mpango, nyepesi, haivimbi kwa unyevu. Nikamwambia anyamaze. Mtu anayeagiza viatu kwa picha, halafu anatembea kama kuku aliyefungwa kamba, hawezi kunifundisha kitu cha kumkaa mtu.

Baba aliinunua bunduki ile kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Mzungu alikuwa mrefu kama mlingoti. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi, na hakupenda kuambiwa. Kila akiinua bunduki, kitako kinanasa kwapani, na akija kukinasua nguruwe wameshafika kwao. Akifyatua, inampiga teke la shavu. Tulikunywa chai ya mchaichai asubuhi tukitazama shavu limevimba upande mmoja, na ole wako ucheke.

Jirani yetu mzee Petro ndiye aliyekuwa anatumaliza kwa kicheko. Sisi Waislamu, nguruwe si wetu. Yeye Mkristo, nguruwe ni wake. Basi akisikia mlio tu, huyo anakuja mbio na kisu na beseni. Anakuta shamba limefukuliwa, baba kashika shavu. Anarudi na beseni lake tupu, anasema taratibu, "Tutaonana kesho, jirani."

Mama hakucheka. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Akamwita Fundi Mbwana, mchonga milango na vitanda.

Fundi akaja na ubao wa mninga. Akatuonyesha mistari ya mti, kwamba lazima ipite shingoni kwa urefu, maana ikikata njia kitako kitavunjika. Akamkunja baba kiwiko. Mwisho wa kitako ukae kwenye kiwiko, kidole kifike kwenye kifyatulio. Halafu funga macho, inua, fumbua. Jicho likipita juu ya mtutu moja kwa moja, hicho ni chako. Ukiona mgongo wa bunduki tu, shavu limekaa chini mno. Dole gumba likikugonga pua, ni kifupi.

Sisi watoto tukawa wazimu. Tulikuwa na bunduki zetu za uti wa jani la mgomba, zile za kupiga kofi tap tap tap. Tukazipima zote kwa kiwiko. Tukafumba macho, tukainua, tukaangukia kwenye maharage ya mama. Tulichapwa, na raha haikutoka.

Kitako kikaisha, kinang'aa kama mkate uliopakwa siagi. Alfajiri baba akatoka. Mlio mmoja. Petro huyo mbio. Nguruwe hakuna, shavu lile lile.

Fundi akaja amekasirika, akaapa kwamba vipimo vyake havina kasoro. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kalishika koti la baba, lile la sufu, zito kama godoro.

"Fundi, mume wangu ulimpima mchana, yuko na singlendi. Nguruwe anawafuata alfajiri, na hili mwilini."

Fundi Mbwana akalibonyeza bega la koti kwa vidole. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la randa, akacheka mpaka machozi. Kisha akamvalisha baba koti jua la saa saba, jasho linamchuruzika, amefumba macho, anainua na kushusha, anainua na kushusha, na msumeno ukapunguza kitako kwa kiasi cha unene wa koti. Kesho yake ulilia mlio mmoja, na mzee Petro hakurudi na beseni tupu. Alituletea jogoo wa shukrani. Mwaka ule tulikula makande mpaka tukayachoka.

Tangu hapo, kila Idi baba alikitoa kitako kwenye mtutu, akakipaka mafuta, akakilaza mkekani. Tukapanga foleni kuweka viwiko, tuone nani amemfikia. "Bado vidole vinne," ananiambia. "Kale makande." Hoza alipobalehe mkono ulipita kitako kabisa. Alirithi urefu wa wajomba, na baba akajifanya hajaona.

Basi nikamwambia Zaina abonyeze simu nimjibu mdogo wangu. Usiulize mbao au plastiki. Vaa koti lako la shamba, nenda dukani, bunduki tupu, funga macho.

Jana ikaja video. Hoza na koti lake na kitako cha plastiki, muuzaji kamwongezea kibao cha kukirefusha nyuma. Akafumba, akainua, akafumbua, meno yote nje. Akasema miaka yote alikuwa anakunja shingo, akidhani ndivyo bunduki inavyoshikwa.

"Kinanikaa, dada. Na cha baba nikifanyeje?"

Nikamwambia achukue cha plastiki. Kile cha mninga kilikuwa cha mtu, na mtu mwenyewe hayupo. Akipigilie ukutani, chini, watoto wafikie.

Hapa nilipo, ukipita mtaa wa Kangle cherehani zinalia kutwa, shati moja linashonewa watu ambao hakuna anayewajua. Si vibaya, ndilo linalotulisha. Lakini mimi nimekua kwenye nyumba ambayo mke alijua unene wa koti la mumewe, na kitu kizima kilikatwa upya kwa ajili hiyo. Zaina anacheka nikisema hivyo. Acheke, na viatu vyake vinambana.

Leo asubuhi imeingia picha nyingine. Kitukuu cha baba, kamasi puani, kaweka kiwiko kwenye mninga, kidole kakinyoosha mpaka kinatetemeka. Nikaichukua simu mwenyewe.

"Bado vidole vinne," nikasema. "Mpeni makande."