Time na Wimbo Uliogoma Kushuka

Time Khalfan ni mwanamke wa Makunduchi. Hapa Doha anafua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli moja ya West Bay, na chumba tunakaa pamoja Abu Hamour, mimi na yeye na kelele zake. Mrefu, mcheshi, na hana adabu ya kupunguza sauti ya simu. Kila harusi ya Waswahili hapa yeye ndiye mpiga muziki, kwa sahani ya pilau. Alichokuwa anataka ni kimoja: aache mashuka, apige muziki kwenye sherehe za wanawake wa Kiarabu, ambako mwanamume hakanyagi, basi mpigaji lazima awe mwanamke.

Mwaka huu mlango ukafunguka, na niliyeufungua ni mimi. Iko nyumba Al Wakrah nimelea watoto mpaka wa kiume wakaota ndevu. Mama wa nyumba ile kwao ni Kolombia, aliolewa huku. Binti yake alipofika kutiwa hina, bibi mzaa mama akaja kutoka huko huko. Mzee wa watu Kiarabu hajui, Kiingereza hajui, anakaa kitini kama mzigo unaomsubiri mwenyewe. Mama akaniambia, "Bi Mwana, nataka mama yangu acheze. Nitafutie mtu wa nyimbo za kwetu za mwaka huu." Nikamtaja Time. Shangazi wa bibi harusi, mwenye biashara ya kupamba kumbi, akasema mzee akinyanyuka tu, msimu mzima wa harusi ni wa Time.

Basi Time akaanza. Akatafuta nyimbo zote zilizoshika namba moja Kolombia mwaka huu, wiki kwa wiki. Nyingine zilifika juu zikatoka kama mtu aliyekosea mlango. Mmoja ulipanda ukagoma kushuka, miezi umekaa pale kama mgeni asiyeaga. Na huo ndio akaupenda. Akipiga pasi, huo. Akikuna nazi, huo.

"We Time, hata aliyeuimba keshauchoka."

"Bi Mwana, uliokaa sana ndio waliousikia wote."

Siku ya hina, alasiri, nilikaa mlangoni. Kwenye sherehe hizi wanawake wanavua mabaibui wakabaki na mapambo yao, kwa hiyo simu haziingii, zisije zikapiga picha. Kila simu naitia kwenye mfuko, mwenyewe nampa kibati chenye namba. Time akaja na spika zake na kompyuta.

"Simu," nikasema.

"Nyimbo zimo humu kwenye simu, Bi Mwana. Kompyuta ina taarabu tu."

Kazoea harusi zetu, ambako hata bibi harusi simu iko mkononi. Hakukumbuka kabisa.

"Haiingii."

"Si mimi? Tunakula sahani moja."

"Nakujua. Ndiyo maana haiingii."

Akanitazama, akaona hapana njia. "Haya, ikae kwako. Muziki unapita hewani mpaka kwenye spika, hautaki waya. Nikiinua mkono, unabonyeza."

Kusoma kwangu mimi ni kwa kudonoa, na herufi za Kolombia zimevaa kofia. Akanionyesha kwa picha: kwanza kijana mwenye miwani, kisha dada wa nywele nyekundu, kisha wale wawili walionuna, hivyo hivyo mpaka chini.

Nikabonyeza. Wasichana wakacheza mpaka zulia likakunjamana. Mzee katulia, mkoba mapajani. Kwa mwenye miwani hakutikisika. Kwa dada wa nywele nyekundu akapiga mwayo. Ikafika zamu ya wimbo ule. Kidole changu kikakataa, nikauruka.

Time akaja mlangoni jasho linamtoka. Nyuma yake shangazi alishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Umeruka mmoja."

"Nimeruka."

"Kwa nini?"

"Wimbo umenichosha."

"Na mzee naye umemchosha. Bonyeza, mama."

Sikushindwa maneno. Nilibonyeza kwa kuwa hakuwahi kuniita mama.

Wimbo ulipoanza, mzee akashika kichwa kwa mikono miwili. Akamtolea maneno binti yake, mama wa nyumba, naye akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Akatufasiria: "Anasema, hata huku? Amepanda ndege mbili kuukimbia."

Na huku analalamika, bega lishaanza. Akamtwika shangazi mkoba amshikie, akaingia katikati, akacheza kiuno cha mtu asiyejifunza jana, anaimba kila neno. Ulipokwisha akaashiria urudiwe. Nikaurudia, na nikaurudia tena.

Sasa Time hafui shuka la mtu ila lake. Anaondoka na spika zake kwenda kwenye sherehe, nyimbo zote kazitia kwenye kompyuta. Mlangoni bado nakaa mimi, na simu yake naichukua kama ya mtu mwingine yeyote.

Wimbo ule bado nasema mbaya. Juzi alinikuta jikoni nauimba puani, akaegemea mlango anacheka. Nikamwambia nasafisha koo.