Miiba Njiani kwa Shangazi

Nakumbuka siku ile baba alipoburuta matawi ya miiba akaziba njia ya kuingia kwetu, Mwingereza akiwa bado anatawala. Sotoka ilikuwa imefika upande wa Mgori. Ng'ombe walitokwa machozi na makamasi, midomo ikajaa vidonda, wakahara mpaka wakaanguka.

Mwanangu, siku zile sisi Wanyaturu hatukuweka ng'ombe wote zizi moja. Ulimweka mmoja kwa ndugu, yeye akapata maziwa na samadi ya shamba, nawe ukapata pa kukimbilia. Mkono mmoja haulei mwana. Ilikuwa desturi njema, ila sotoka nayo ilipita humohumo, zizi hadi zizi, ikifuata undugu wetu.

Basi akaja shangazi yangu, mjane, anamswaga ng'ombe wake wa pekee. Zizi la jirani yake lilikuwa limekwisha.

"Kaka, nifichie huyu."

"Wewe ingia, dada. Ng'ombe hapana."

"Kumbe miiba hii ni yangu. Nilidhani mnazuia fisi."

Shangazi akamgeuza ng'ombe wake, akaondoka.

Ng'ombe wetu walisalimika. Wake alikufa. Tangu hapo hakuna aliyekuja kwetu hata kuomba moto. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika. Jioni baba aliketi akiitazama ile njia. Tulikula kimya, maziwa tele na hakuna wa kumgawia.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyesema. "Miiba uliweka vema. Lakini nani alimpelekea dada yako maziwa? Ulimzuia ng'ombe, ukamsahau mtu."

Ugonjwa ulipokwisha, baba alijitwika samadi mwenyewe, kapu baada ya kapu, hadi shamba la shangazi, maana udongo ule bila samadi hautoi uwele. Nilifuatana naye. Shangazi aliitawanya kwa jembe bila kututazama. Alivuna vizuri. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwetu hakukanyaga tena. Hata siku ya kumzika baba, alisimama pale miiba ilipokuwa.

Mwanangu, likija gonjwa la mifugo, ziba njia, wala usione haya kwa ndugu. Kisha siku hiyohiyo mpelekee chakula yule uliyemzuia. Kiache njiani, umwite kwa jina, usubiri mpaka aitike. Si kazi ngumu, utaiweza.

Mungu akujalie zizi lenye kelele, na njia yenye nyayo za watu.